Kubarizi na kujivinjari: wazee wetu walikuwa na maana gani hasa?

Mtoto wa Gerezani

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tulijadili neno kubarizi kabla halijazikwa. Kariakoo na Ilala wazee bado wanalo. Utamkuta mtu mzima baada ya sala ya alasiri, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani, ukimwamkia na kumuuliza anaelekea wapi anakujibu, "Natoka kidogo, nakwenda kubarizi." Kijana akisikia hivyo anajua mzee ana kikao. Kwake yeye baraza ni la mawaziri, la madiwani, la mitihani, au lile la ardhi ambako watu wanagombania kiwanja cha marehemu. Kumbe mzee anakwenda kukaa tu.

Nimesema "kukaa tu" kwa haraka, maana kukaa kwenyewe kuna namna. Mzizi wa neno ni Kiarabu, b-r-z, wenye maana ya kujitokeza, kutoka mahali pa wazi ukaonekana. Waomani wanaita barza ule mkutano ambao liwali au mtawala anakaa hadharani, raia wanakuja kumsalimia na kueleza shida zao. Masultani wa Unguja walikuwa na barza yao, na kuhudhuria pale ndiko kubarizi. Ukipekua kamusi za zamani utaona neno limeelemea upande huo wa mikutano na kupokea wageni kuliko upande wa kupumzika.

Baadaye likashuka ngazi, likatoka kwa mfalme likaja mlangoni kwa mtu yeyote. Tazama nyumba ya Kiswahili, zile za vyumba sita ambazo Kariakoo, Ilala na Magomeni zilijaa kabla ya maghorofa. Ukumbi unapita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma kuna ua wenye jiko na choo, na mbele, kabla hujakanyaga kizingiti, kuna baraza. Mwenye nyumba akikaa pale jioni naye amejitokeza. Anaonekana, anasalimiwa, anaulizwa habari. Akikosekana siku mbili watu wanabisha hodi kuuliza kama anaumwa. Hiyo ndiyo starehe waliyokuwa wakiiita kubarizi: kutoka uonekane na wenzio, mkae, mzungumze.

Swali langu kwenu: nani bado analitumia? Na je, mtu aliyekwenda Coco Beach na familia yake Jumapili, akala mihogo ya pilipili akarudi, tunaweza kusema alikwenda kubarizi? Mimi nasema hapana. Nawasilisha.

Konda Mstaafu

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

Mkunguni

Mkuu umenena. Mimi nimekulia mtaa wa barazani na naunga mkono kwamba Coco siyo kubarizi. Kule unapunga upepo. Na tafadhali msichanganye na kupunga pepo, hiyo ni shughuli nyingine kabisa, ina ubani, ina ngoma na ina fundi wake.

Kubarizi kuna mambo yake. Kwanza hakupangwi, hamwambizani "tukutane saa kumi na nusu". Unatokea. Pili lazima utoe salamu kwa wote, na aliyekuja ndiye anayeamkia. Tatu, mazungumzo yako pale kabla yako na yataendelea ukiondoka, hivyo unapokelewa katikati ya hadithi na unatakiwa uelewe mwenyewe wanamzungumzia nani. Muuza kahawa atapita na dele lake, mkaa chini, anagonga vikombe vile vidogo visivyo na mkono ili ajulikane, na kashata ziko kwenye kopo. Anayelipa leo halipi kesho, na hakuna anayeandika.

Kukiwa na bao ndiyo kabisa. Mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili na washauri kumi na tano. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, inajulikana, na wazee wanapenda kulikumbusha hilo wakati wake zao wanapolalamika kwamba wanapoteza muda.

Nasikia watu wanasema kijiwe ni jina jipya la baraza. Sikubaliani sana. Kijiweni unaweza kumkuta mtu anasubiri kazi, fundi, dereva wa bodaboda anasubiri abiria. Barazani kazi imekwisha.

Kijana wa Mbagala

Wazee mna raha zenu lakini mnaidhulumu lugha. Sisi tunasema kula bata, kujiachia, kujirusha, mtoko. Tunaelewana. Neno likifa limekufa, shida iko wapi? Hata kubarizi lenyewe mmekiri lilibadilika kutoka kwa Sultani. Mbona hamkulia siku ile liliposhuka barazani?

Mtoto wa Gerezani

Hoja yako nzito, Kijana, siikwepi. Maneno yanahama. Ila tazama unapoyaweka pamoja. Kubarizi, kupunga upepo, kutembea: hakuna hata moja linalotaka hela. Yako yote yana pochi ndani. Kula bata lazima bata alipiwe.

Kijana wa Mbagala

Ponda mali kufa kwaja ni msemo wa nani? Wa kwetu Mbagala? Hao hao wazee wako.

Konda Mstaafu

Goli.

Mwalimu wa Chang'ombe

Habari zenu. Niongeze neno la pili ambalo mleta uzi ameliweka kwenye kichwa cha habari kisha akalisahau: kujivinjari.

Kuvinjari kwa asili si starehe hata kidogo. Ni kuzunguka huku na huko ukilinda au ukipeleleza. Chombo cha ulinzi kinachokwenda na kurudi baharini kinavinjari, askari wa doria anavinjari. Mkumbuke pwani yetu ya karne ya 19: manowari za Waingereza zilikuwa zikipita juu na chini kukamata majahazi ya watumwa, na hasa baada ya mkataba wa 1873, pale Sayyid Barghash alipopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari. Kazi ile ndiyo kuvinjari.

Kutoka hapo mkondo unaonekana wenyewe. Mtu anayekwenda polepole, anarudi, anatazama huku na huku, hana haraka ya kufika, kwa mbali hutajua kama ni askari wa zamu au ni mtu anayekula upepo. Neno likateleza likawa pia kuzurura bila shughuli maalumu. Halafu likavaa "ji" likawa kujivinjari, na hapo doria ikaisha kabisa.

Hiyo "ji" inastahili kutazamwa. Tumezoea kufundisha kwamba inamrudia mtendaji: kujikata, kujiosha. Lakini Mswahili anaitumia pia kuonyesha mtu anafanya jambo kwa raha zake, bila kumjali wala kumdhuru mtu. "Alikuwa amejikalia." "Najiendea zangu." "Anajisemea mwenyewe." Utaona vitenzi hivyo vinataka kiambishi cha kutendea: kaa, kalia, jikalia. Kujivinjari kumeruka hatua hiyo, halisemwi kujivinjaria. Wapo walimu wenzangu wanaolichukia kwa sababu hiyo, wanasema kuvinjari hakuna mtendwa, sasa "ji" inarudi wapi? Mimi nawaambia waende wakawaulize wanaojigamba na wanaojinata kama wameomba ruhusa.

Na kwa vijana: mnalitumia kila siku bila kujua. Programu mnayofungulia tovuti kwa Kiswahili inaitwa kivinjari. Aliyelichagua alikuwa na sikio zuri. Unaingia mtandaoni kutafuta kitu kimoja, unazunguka, unatazama, unatoka na kingine.

Bi Ukindu

Nimewasoma wote na nimenyamaza kwa adabu, sasa nasema. Mnazungumza kama kwamba mji ulikuwa na wanaume watupu.

Bibi yangu aliishi Ilala maisha yake yote na kamwe hakuwahi kusema anakwenda kubarizi. Baraza ya mbele ilikuwa ya babu na wageni wake. Sisi tulikuwa uani. Mkeka unatandikwa baada ya vyombo kuoshwa, mmoja anasukwa, mwingine anachambua mchele, mwingine analaza mtoto, na habari zinazopita pale za barazani hazifikii hata kisigino. Starehe ile haikuwa na jina kubwa, waliita mazungumzo. Na kumbukeni mazungumzo na maongezi zamani hayakuwa maneno makavu kama leo, eti "mazungumzo ya amani". Kuzungumza kulikuwa ni kujifurahisha pamoja na wenzio, kupitisha wakati vizuri. Kuongea hivyo hivyo.

Akitoka nje, bibi alisema anakwenda kutembea. Anajifunga buibui, anapitia kwa somo yake, wanakwenda kumwangalia mzazi au kutoa pole, wanarudi magharibi. Kutembea maana yake kutembelea watu. Leo ukisema fulani anatembea na fulani umeshamchafulia jina.

Na hilo la kujivinjari, Mwalimu umelipamba mno. Waliolichafua ni magazeti ya udaku. Kila ukisoma msanii fulani kanaswa "akijivinjari", ujue yuko hotelini na mtu asiye wake. Mimi mwanangu akiniambia anakwenda kujivinjari, nitamuuliza na nani.

Konda Mstaafu

😂😂 Bi mkubwa kamaliza.

Mwalimu wa Chang'ombe

Bi Ukindu, shikamoo. Nimepokea. Na kweli, udaku umelipa neno ile maana ya kunaswa, na ajabu yake ni kwamba doria imerudi kwa mlango wa nyuma: sasa anayejivinjari ni mmoja na anayevinjari ni mwandishi mwenye kamera.

Bi Ukindu

Marahaba. Hapo nimecheka.

Pwani Mchangani

Natokea Unguja ila niko Temeke kikazi. Mimi nataka kuongeza maneno mawili yaliyonichekesha nilipohamia Dar.

La kwanza, starehe. Kwetu wazee wakiingia mahali ukataka kuinuka kuwapisha, wanakuambia "Starehe, starehe!" Yaani kaa, usijisumbue, tulia ulipo. Neno lenyewe ni la mapumziko. Nimefika Dar naambiwa mtu "amefilisika kwa starehe" nikashangaa, amefilisika kwa kukaa? Nikaelezwa starehe siku hizi ina chupa na ina muziki.

La pili, burudani. Hili ni ndugu wa baridi, mzizi mmoja, b-r-d. Kuburudi ni kupoa. Maji ya mtungi yanakuburudisha, kivuli cha mwembe kinakuburudisha. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili utaelewa mara moja kwa nini kupoa na kufurahi yamekuwa neno moja. Halafu nenda kwenye ukumbi wa burudani wa leo, watu mia tano, feni tatu. Huko unaungua.

Tukija kwenye kubarizi, kwetu mabaraza ya mawe ya Mji Mkongwe yamejengwa pamoja na ukuta wa nyumba, huwezi kuyahamisha hata ukitaka. Na wanaume wanabarizi kweli kweli, siasa kwanza, mpira baadaye.

Kijana wa Mbagala

Sawa, hilo la baridi nimelipenda. Lakini jibuni: Dar ya zamani watu walikuwa wanakaa barazani tu? Hakuna muziki?

Mkunguni

Nani kakudanganya. Mji huu ulikuwa na ngoma za beni tangu wakati wa Wajerumani na Waingereza, Marini upande mmoja na Arinoti upande mwingine, wanashindana kwa sare na gwaride. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932. Kwenye taarabu kulikuwa na Egyptian Musical Club na Al-Watan, ukipenda huku hupendi kule. Sinema zilikuwepo za kutosha, na mwaka 1966 ikaja ile ya kutazama ukiwa ndani ya gari, Drive-In ya Msasani, ambapo sasa upo ubalozi wa Marekani. Mwaka 1978 ikaundwa Mlimani Park Orchestra. Hizo ni burudani, zina tiketi, zina saa ya kuanza.

Ila mtu akitoka huko hasemi "nilikwenda kubarizi". Anasema nilikwenda dansini, nilikwenda sinema. Kesho yake jioni anakwenda barazani kusimulia dansi. Huko ndiko kubarizi, kuila starehe ile ile mara ya pili bila kulipa.

Kisauni Moja

Hamjambo majirani, naandika kutoka Mombasa. Nawaona mnalizika neno ambalo huku kwetu liko hai. Magazeti na redio za Kenya zinasema kubarizi kila wikendi: vijana walikuwa wakibarizi ufuoni, mashabiki wakibarizi kwenye klabu. Kwetu siyo lazima pawe na baraza. Ni kutulia na wenzako mahali pazuri, basi.

Kwa hiyo kwenye lile swali la Coco Beach, Mombasa tungesema amebarizi bila kufikiri mara mbili.

Mtoto wa Gerezani

Karibu jirani. Hili nilikuwa nalisubiri, kwa sababu linaonyesha neno moja limepita njia mbili. Kwenu kuonekana kumedondoka, kumebaki kutulia. Kwetu hapa kukaa na wenyeji wako ndiko kumeshikiliwa, na neno likazeeka pamoja na waliokuwa wakikaa.

Kuna sababu ya matofali pia. Nyumba za vyumba sita Kariakoo zimevunjwa moja moja, zikapanda ghorofa. Chini kabisa, pale palipokuwa baraza, sasa ni fremu ya duka, na kila futi ya mbele ina kodi. Huwezi kubarizi mbele ya fremu ya mtu, unamzibia wateja. Mzee anayetaka kukaa anatafuta kiti cha plastiki pembeni kwa muuza kahawa, tena asogee malori ya mizigo yakiingia. Ukienda Mbezi au Goba nyumba zina ukuta wa futi nane na geti, baraza imegeuzwa ikatazama ndani na mwenyewe anaiita veranda. Mtu amekaa pale peke yake na simu. Amepumzika vizuri, sibishi. Kujitokeza ndiko kulikokosekana.

Nimeyatazama maneno yetu mawili tena baada ya mchango wa Mwalimu. Kubarizi ni kutoka ili uonekane, kuvinjari ni kupita ukitazama. Mmoja kaketi, mwingine anapita mbele yake. Jioni ya mtaani ilihitaji wote wawili, maana anayepita bila watu barazani hana wa kumsalimia, na wa barazani bila wapita njia hana cha kuzungumza.

Bi Ukindu

Hasa wapita njia wa kike. Sema yote.

Mtoto wa Gerezani

Bi mkubwa, nilikuwa nalificha.

Kijana wa Mbagala

Sasa mimi nimeamua kulitumia, nisaidieni nisiaibike. Ni "twende tukabarizi" au "twende tukabarize"? Nimeona mahali wameandika "tubarize".

Mwalimu wa Chang'ombe

Tukabarizi. Vitenzi vya Kibantu vinavyoishia na "a" ndivyo vinavyogeuka: cheza inakuwa tucheze, tukae, twende. Vile tulivyopokea kutoka Kiarabu vinabaki na mwisho wake: turudi, tusafiri, tukubali, tubarizi. Na kwenye kukanusha hivyo hivyo, hatubarizi, havinjari. Anayesema "tubarize" amelichukulia kama la Kibantu; na mkiwa na mtu mnayetaka kumkalisha barazani kwa nguvu, hapo ni kumbarizisha.

Konda Mstaafu

Mimi mke wangu angependa niondolewe kwa nguvu.

Kisauni Moja

Na kujivinjari je, mnalisema Dar kwa mazuri kabisa, au Bi Ukindu ameshalifunga?

Mkunguni

Kwenye matangazo ya mbuga na fukwe utalikuta, "njoo ujivinjari na familia yako", na hapo halina ubaya. Likitajwa na jina la mtu mmoja na la hoteli, ubaya umeingia. Familia inalisafisha.

Bi Ukindu

Familia ipi sasa, ndiyo swali.

Pwani Mchangani

Mkunguni, hiyo baraza yenu bado ipo au nayo imekuwa fremu? Mimi Jumamosi niko huru.

Mkunguni

Ipo nusu. Upande mmoja wameshaweka duka la vifaa vya simu, upande wa pili tunakaa sita, tukibanana saba. Baada ya alasiri tupo. Usiulize njia, uliza wachezaji bao. Na kwa kuwa ndiyo mara yako ya kwanza, kahawa ya siku hiyo ni juu yako.